Hekalu Kubwa la Thanjavur: Namna ya Kulitembelea

Wengi wetu tunaofika Chennai, kusini mwa India, kutoka Afrika Mashariki tunakuwa tumesindikiza mgonjwa au tumekuja kusoma. Ukipata siku mbili za nafasi, panda treni ya usiku kwenda Thanjavur, kama kilomita 350 kusini. Hekalu la Brihadishvara lilikamilika mwaka 1010, enzi za mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, na mpaka leo watu wanasali humo kila siku. Ndiyo maana taratibu zake ni za nyumba ya ibada.

Hatua ya 1: Panga saa. Fika asubuhi na mapema. Mahekalu mengi ya jimbo hili la Tamil Nadu hufungwa mchana hadi kama saa kumi jioni. Anayefika saa saba mchana hukuta mlango wa ndani umefungwa na mawe ya uani yanaunguza nyayo. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kwenda. Aprili na Mei, labda uwe huna hiari.

Hatua ya 2: Mavazi. Funika mabega na magoti. Kanga mbili zinamtosha mwanamke, moja kiunoni na nyingine begani. Vaa ndala, maana viatu huachwa nje kwa mtunzaji, na weka soksi nyembamba mfukoni. Ukipitia Chidambaram, mji mwingine wenye hekalu, wanaume huvua shati kabla ya kusogelea patakatifu.

Hatua ya 3: Zunguka, usikimbilie ndani. Ukishapita malango mawili ya mashariki unakutana na Nandi, fahali wa Shiva, mungu wa hekalu hili, aliyechongwa kwa jiwe moja lenye urefu wa karibu mita 6. Anapakwa mafuta mpaka anang'aa weusi. Wageni humpiga picha wakidhani ana umri sawa na hekalu, kumbe aliwekwa karne kadhaa baadaye, enzi za watawala wa Nayak.

Mbele yake kuna mnara wa matale unaopita mita 60. Uzunguke ukuta ukiwa mkono wako wa kulia, kama wafanyavyo waumini. Hapo inama. Sehemu ya chini ya ukuta imejaa maandishi ya Kitamil, mstari juu ya mstari: zawadi za mfalme, vito, ardhi, hata orodha ya wanawake 400 waliohudumu hekaluni kwa ngoma, kila mmoja na nyumba yake na fungu lake la mpunga. Daftari zima la hesabu limechongwa kwenye jiwe! Kwangu mimi hapa ndipo penye uhondo kuliko mnara wenyewe.

Hatua ya 4: Ndani. Simu iwe mfukoni. Kuhani akileta taa, watu hupitisha viganja juu ya moto kisha hujigusa usoni. Hulazimiki, simama kando kwa heshima, hakuna atakayekuuliza. Ukipewa jivu au chakula cha baraka, pokea kwa mkono wa kulia, kama kwetu tu. Kwenye mji wa Madurai ni wakali zaidi: kwenye hekalu la Meenakshi simu hubaki nje, na asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa.

Hatua ya 5: Rudi jioni. Mtembeza wageni atakuambia kivuli cha mnara huu hakigusi ardhi. Mwitikie tu, usibishane. Jua likishaelekea magharibi, ingia uani ujionee kivuli hicho kimelala chini upande wa Nandi. Saa hiyo mawe yamepoa na familia zimeketi kupunga upepo.

Hatua ya 6: Ukibakiwa na siku. Panda basi la Kumbakonam, ukashukie Darasuram. Hekalu la huko ni dogo, la karne ya 12, na ukumbi wake umechongwa magurudumu na farasi kama gari la kukokotwa. Nalo, pamoja na la Gangaikonda Cholapuram, liliongezwa mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ambako la Thanjavur liliingia mwaka 1987. Watu ni wachache, hivyo utapata nafasi ya kuangalia nakshi kwa karibu. Uwe na chenji ya basi.