Kuchoma nyama nyumbani kwa mkaa: jiko likae nje, moto uwe wa pande mbili

Ukisimama Namawojjolo, pale Mukono kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, watazame wachomaji mikono kabla hujanunua kuku. Hawaachi kijiti mahali pamoja. Hiki wanakisukuma katikati kwenye makaa, kile wanakivuta pembeni, kingine wanakigeuza na kukirudisha. Mkono wao unajua wapi jiko ni kali na wapi ni la pole.

Nyumbani mambo huwa tofauti. Nachoma nyama kwa kazi hapa Jinja, kwenye arusi na sherehe za familia, na ninapoitwa kuokoa jahazi nakuta hali ileile: jiko limejazwa mkaa kutoka ukingo hadi ukingo, miali bado inaruka, na kuku yuko juu. Ngozi imekuwa nyeusi na karibu na mfupa bado kuna damu. Kasoro hiyo hairekebishwi na viungo, kwa sababu imetoka kwenye mpangilio wa moto. Nitaeleza mpangilio huo, lakini kwanza mahali pa kuweka jiko, maana hapo ndipo watu hufa.

Hatua ya 1: Jiko likae nje, hata mvua ikinyesha

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho, kwa hiyo hakuna cha kukushtua. Ukiivuta, inashika damu mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, halafu usingizi. Mtu anadhani amechoshwa na shughuli, anajilaza, na haamki.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hudanganya watu zaidi. Wengi wanaamini kwamba moshi ukiisha hatari nayo imeisha, kumbe gesi inaendelea kutoka mpaka makaa yazimike kabisa. Kufungua dirisha hakutoshi. Gereji yenye mlango wazi haitoshi. Baraza iliyozungushiwa turubai nayo ni chumba.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya mvua zetu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, wingu linaweza kutanda juu ya ziwa ukiwa katikati ya kazi, na lazima mtu mmoja aseme, "Tuliingize ndani." Mkatalie, hata akiwa ni mkwe. Funika jiko kwa kifuniko chake, hamishia nyama kwenye kikaango au oveni umalizie jikoni, na makaa yabaki uani. Na wewe uliyepanga mzigo, yaani nyumba ya chumba kimoja, unayepikia sigiri (jiko dogo la mkaa) mlangoni kila siku: usiiingize ndani usiku ili chumba kipate joto, hata kama yamebaki makaa machache. Kichwa kikianza kumuuma mtu karibu na jiko, mtoeni kwenye hewa safi mara moja na mpelekeni hospitali.

Nje pia pana masharti. Jiko likae kwenye ardhi iliyo sawa, hatua tatu nne kubwa kutoka ukutani, kwenye kamba ya nguo, paa la nyasi, mtungi wa gesi na jenereta. Angalia na bodaboda iliyoegeshwa, maana tangi lake lina petroli. Weka karibu ndoo ya mchanga na ndoo ya maji. Watoto wachorewe mstari chini na waelezwe kwamba hauvukwi, na mtu mzima mmoja abaki na jiko muda wote.

Hatua ya 2: Kagua chuma

Mafundi wa Katwe, kule Kampala, watakukatia pipa katikati, wakuchomelee miguu, na upate jiko la miaka mingi. Waulize pipa lilibeba nini. Lililobeba kemikali liache, hata liwe rahisi vipi. Lililobeba mafuta ya kula linafaa, ila rangi ya ndani iondolewe, na moto wa kwanza uwake kwa nguvu saa nzima bila chakula.

Kwenye wavu wa kuchomea sina simile. Watu hukata wavu wa banda la kuku wakautandika juu ya makaa. Wavu ule umepakwa zinki ili usishike kutu, na zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Spoki za baiskeli zinazotumika kuchomea mishkaki nazo nyingi zimepakwa hivyo hivyo. Tumia nondo nyembamba zisizopakwa kitu au chuma kisichoshika kutu. Vijiti vya mti ni sawa pia, mradi uwe mti unaoujua; viloweke nusu saa ili visiungue.

Wavu ukae sentimita 10 hadi 15 juu ya makaa, na chini ya jiko pawe na matundu ya hewa. Kifuniko kikikosekana, sufuria kubwa ya zamani iliyogeuzwa inafanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Chagua mkaa

Gonganisha vipande viwili. Mkaa mzuri unalia kama kigae, vipande vyake ni vizito na vyeusi mpaka ndani. Ukikivunja ukaona rangi ya kahawia katikati, huo ni mti ambao haujaiva, utakupa moshi. Mkaa uliolowa hurusha cheche. Vumbi la chini ya gunia liache huko huko, linaziba hewa.

Mkaa mwingi unaochomwa nchini ulikuwa ukitoka kaskazini, na miti iliyokuwa ikikatwa ni pamoja na mti wa shea, ambao huchukua miaka mingi kabla ya kuanza kuzaa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi. Mimi naishi kwa mkaa, kwa hiyo nalichukua jambo hili kama deni langu: sijazi jiko. Moto wa pande mbili unatumia karibu nusu ya mkaa ambao watu wengi humwaga. Kwa kilo tatu za nyama, kilo moja na nusu hadi mbili za mkaa zinatosha. Briketi za maganda na vumbi la mkaa nazo ni nzuri kwa vipande vikubwa kwa sababu moto wake hautikisiki, ila epuka zenye udongo mwingi. Zinaacha majivu mengi mpaka moto unakosa hewa.

Hatua ya 4: Washa bila kaveera na bila petroli

Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, huwaka haraka, najua, na ndiyo maana imezoeleka. Lakini moshi wa plastiki ni sumu, kwako unayepuliza na kwa nyama inayokuja. Petroli ni mbaya kuliko hiyo: mvuke wake hulipuka kabla hata kiberiti hakijagusa mkaa. Mafuta ya taa huacha harufu kwenye chakula, na ukiyamwagia makaa yaliyokwisha kushika, moto unaweza kupanda ukufuate mkononi.

Chukua kipande cha trei ya mayai ya karatasi, kipakaze mafuta ya kula, kiweke chini. Juu yake panga magunzi makavu au vibanzi, halafu mkaa kwa umbo la kichuguu, ukiacha nafasi za hewa. Washa kutoka chini. Pepea kwa ungo taratibu, usipulize ukiwa umeinama juu yake.

Halafu subiri dakika 20 hadi 30. Miali ikiisha na vipande vikifunikwa na majivu ya kijivu huku ndani vikiwa vyekundu, moto uko tayari. Wageni wakilalamika njaa wape kachumbari na gonja, zile ndizi za kuchoma.

Hatua ya 5: Gawanya moto

Kwa koleo au kijiko cha chuma, sukuma makaa yote upande mmoja. Upande mwingine ubaki mtupu kabisa. Basi. Upande wa makaa ni wa kutia rangi, upande mtupu ni wa kuivisha.

Pima kwa kiganja, karibu sentimita 12 juu ya wavu, uhesabu sekunde. Ukilazimika kuondoa mkono baada ya mbili au tatu, hapo ni pakali. Ukistahimili tano au sita, ni pa wastani. Ukifika nane, ni pa pole. Jizoeshe kupima kila mara kabla ya kuweka nyama, na baada ya muda mkono utakuambia wenyewe. Ukihitaji mkaa wa ziada, uwashe kwanza kwenye sigiri ya pembeni, hapo hapo uani, uongeze ukiwa umeshashika.

Hatua ya 6: Nyama kabla ya moto

Nyama mbichi ikae kwenye baridi mpaka makaa yawe tayari. Viungo ni hiari yako: kitunguu saumu, tangawizi, limau, bizari. Chumvi itie mapema, angalau dakika 40, ili maji iliyoyavuta yarudi ndani ya nyama, au itie dakika ile unapoweka jikoni. Katikati ya nyakati hizo nyama inakuwa na maji juu na haishiki rangi vizuri.

Kuwe na sahani mbili na koleo mbili: za mbichi na za iliyoiva. Viungo vilivyolaza kuku mbichi usivipake juu ya kuku aliyeiva. Wageni wanaweza kuumwa tumbo kwa jambo hili dogo.

Hatua ya 7: Choma

Nianze na kuku, maana ndiye anayeshinda wengi. Kuku wa kisasa mpasue mgongoni, mfungue awe bapa, ukaushe ngozi kwa kitambaa safi. Mlaze upande mtupu, mifupa chini, mapaja yakielekea makaa kwa sababu ndiyo hukawia. Funika. Acha dakika 35 hadi 45 ukichungulia mara moja moja. Ngozi itaanza kukaza na kugeuka rangi ya asali, na mafuta yatatoka kidogo kidogo bila kuangukia makaa. Hapo ndipo umhamishie upande wa moto, ngozi chini, dakika tatu au nne, ukiwa umesimama naye. Chomeka kipimajoto kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa: nyuzi 74 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, kata kwenye maungio. Maji yatoke meupe na nyama isiwe na uwaridi karibu na mfupa, na ukiwa na shaka mrudishe kwenye upande wa pole. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza mpaka aanze kulainika, vinginevyo moto utamkausha kabla hajaiva.

Mishkaki ya ng'ombe ikatwe vipande vya sentimita tatu, isibanane kwenye kijiti. Itie rangi kwenye makaa pande zote, kisha isogeze pembeni dakika chache. Mguu wa mbuzi unakwenda kinyume: upande wa pole kwanza, umefunikwa, saa moja hadi saa moja na nusu, makaa mwishoni. Nyama ya nguruwe iive mpaka ndani kabisa, bila uwaridi, kwa sababu ya minyoo ya tegu. Nyuzi 71 ni kipimo kizuri. Nyama ya kusaga nayo ifike nyuzi 71.

Ngege, yaani samaki aina ya tilapia, akitoka ziwani asubuhi hahitaji mengi. Mkate mistari ubavuni, mkaushe, mpake mafuta yeye na wavu, mweke kwenye moto wa wastani na usimguse. Akiiva upande huo atajiachia mwenyewe. Akikataa kutoka, mpe dakika moja zaidi.

Mafuta yakidondoka na miali ikapanda, usimwage maji: mafuta yanayowaka hurukia mkono. Isogeze nyama upande mtupu na funika jiko, moto utakosa hewa. Moshi wa mafuta yaliyoungua hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani, kwa hiyo punguza mafuta ya ziada kabla ya kuchoma na kata sehemu zilizokuwa mkaa kabla ya kula.

Nyama kubwa ipumzike dakika kumi kabla ya kukatwa.

Mtu akiungua, mwagia pale maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na mayai visikaribie kidonda. Akiungua uso, mkono mzima au akiwa mtoto, nenda hospitali.

Hatua ya 8: Baada ya kula

Ziba matundu na funika jiko, makaa yajifie. Wavu usafishe ukiwa bado wa moto kwa nusu ya kitunguu iliyochomwa uma. Brashi za waya hukatika nywele zake zikaingia kwenye chakula. Nyama iliyobaki iingie friji ndani ya saa mbili, na siku ya pili ipashwe mpaka itoe mvuke.

Majivu usiyamwage jalalani usiku ule. Chini yake makaa yanaweza kuishi muda mrefu, na jalala letu lina maganda makavu na karatasi. Yaache siku mbili kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Kama lazima uyatoe mapema, yamwagie maji, koroga, mwagia tena, kisha pitisha kiganja juu bila kugusa kuhakikisha hakuna joto linalopanda.