Jinsi ya kupima neva za kinywa na koo kwa tochi, kijiti na kijiko cha maji

Mgonjwa wa kiharusi akishalazwa, jambo ambalo ndugu zake huuliza mapema kuliko yote ni kama wanaweza kumpa uji. Swali hilo linaonekana dogo, lakini jibu lake limo katika neva (mishipa ya fahamu) tano, na asiyezifahamu atajibu kwa kubahatisha. Kati ya jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, zinazohudumia kinywa na koo ni ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi na ya kumi na mbili. Nimeandika mwongozo huu kwa matabibu na wauguzi wanaoanza kazi wodini, nikifuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe kando ya kitanda.

Andaa tochi yenye mwanga mweupe, kijiti cha mbao cha kukandamizia ulimi, glavu, kipande cha pamba, kijiko cha chai na maji safi. Mkalishe mgonjwa wima, na uhakikishe kwamba yuko macho na anafuata maelekezo. Anayesinzia hapimwi, wala halishwi.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kutazama

Mwamkie mgonjwa. Ukisema "Shikamoo, mzee" naye akaitikia "Marahaba", ameshakupa nusu ya vipimo bila kujua. Herufi m hufunga midomo huku kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma ya paa la kinywa isiyo na mfupa, likiwa limeshuka ili hewa ipite puani; r hutaka ncha ya ulimi yenye nguvu; h hutoka kooni; na b hufunga midomo tena, ila safari hii kaakaa laini lazima liinuke na kuziba njia ya pua. Kaakaa likilegea, hewa ya b huvujia puani na herufi hiyo husikika kama m, ile ya d ikawa kama n, hivyo anayekusudia kusema "baba" hutoa neno linalokaribia "mama", na "dada" hugeuka kitu kama "nana". Hicho ndicho king'ong'o, na chanzo chake huwa mara nyingi ni neva ya kumi.

Endelea kwa makundi. Mwambie aseme "papa, baba" ili upime midomo, ambayo ni kazi ya neva ya saba; kisha "tatu, lala" kwa ncha ya ulimi, ambayo ni kazi ya neva ya kumi na mbili; kisha "kaka, gogo", ambako nyuma ya ulimi hukutana na kaakaa. Aliye na nafuu nampa kitanzandimi cha "kale kakuku ka kaka", naye hucheka, na kicheko chenyewe hukuonyesha uso unavyosogea. Mgonjwa anayekosa maneno kabisa, au anayetaja kitu kwa jina la kingine, ana tatizo la lugha katika ubongo, na hilo ni somo jingine.

Hatua ya 2: Midomo na mashavu

Mwombe aonyeshe meno, apige mluzi, kisha avimbishe mashavu wakati wewe unayagonga taratibu kwa kidole. Hewa ikitoroka upande mmoja, misuli ya neva ya saba ya upande huo ni dhaifu. Hapo hapo mwambie akunje paji la uso. Sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo mdomo ukipinda ilhali paji linakunjamana vizuri, kasoro imo ndani ya ubongo. Paji nalo likilala, kasoro imo katika neva yenyewe.

Usisahau kupekua ndani ya shavu kwa kijiti. Msuli wa shavu ndio unaorudisha chakula kati ya meno, na ukilegea, tonge hubaki limejificha pale. Nimewahi kutoa jioni kipande cha ugali wa mchana kwenye shavu la mgonjwa ambaye faili lake lilisema "amekula vizuri".

Hatua ya 3: Taya

Hapa, penye kazi ya neva ya tano, mimi hupita haraka. Mwambie aume meno huku vidole vyako vikipapasa misuli ya shavuni na ya panjani, kati ya jicho na sikio, kisha afungue mdomo dhidi ya mkono wako uliouweka chini ya kidevu. Taya huelekea upande ulio dhaifu. Kwa pamba, gusa mdomo, kidevu, fizi na ndani ya mashavu, ukilinganisha kulia na kushoto.

Anayetaka kuelewa tofauti ya neva ya tano na ya saba amtazame mtu aliyetoka kung'olewa jino la nyuma la chini. Ganzi imepigwa mahali neva ya tano inapoingia kwenye mfupa wa taya, na kwa kuwa tawi la ulimi limepita jirani, meno, nusu ya mdomo wa chini, kidevu na nusu ya ulimi vimekufa ganzi. Hata hivyo mdomo huo unasogea kama kawaida, kwa sababu mwendo wake unatoka kwa neva ya saba ambayo dawa haikuigusa. Ndiyo maana mtoto huutafuna mdomo wake mpaka utoke damu asihisi kitu.

Hatua ya 4: Ulimi

Ulimi unahudumiwa kwa mgawanyo unaowachanganya wanafunzi. Theluthi mbili za mbele huhisi mguso kupitia neva ya tano, lakini huonja kupitia ya saba. Theluthi ya nyuma hutumia neva ya tisa kwa mguso na ladha pia. Shina lenyewe, karibu na koo, ni la neva ya kumi. Misuli karibu yote ya ulimi huendeshwa na neva ya kumi na mbili. Ladha mimi huipima mara chache sana. Ukilazimika, paka sukari au chumvi upande mmoja wa ulimi uliotolewa nje, na mgonjwa aonyeshe jibu kwa kidole kabla hajaurudisha mdomoni. Ule mchoro wa shuleni uliodai kwamba utamu husikika nchani na uchungu nyuma tu hauna ukweli.

Utazame ulimi kwanza ukiwa umetulia sakafuni mwa kinywa. Nusu iliyosinyaa, yenye mikunjo na inayochezacheza kama yenye minyoo chini ya ngozi, inaonyesha kwamba neva yenyewe imeharibika. Kisha mwambie autoe nje. Ulimi husukumwa: kila upande una msuli unaousukuma mbele na kuuelekeza ng'ambo, kama mtumbwi wenye wapiga kasia wawili. Wa kulia akichoka, anayebaki kushoto huupeleka mtumbwi kulia. Kwa hiyo ulimi huelekea upande ulio dhaifu. Angalizo: mdomo uliopinda hudanganya macho, basi inua pembe yake kwa kidole na upime ulimi kwa mstari wa pua na kidevu.

Hatua ya 5: Kaakaa laini na kimeo

Kandamiza ulimi kwa kijiti, umulike, na umwombe mgonjwa aseme "aaa" kwa kuvuta. Matao mawili ya kaakaa laini yanapaswa kuinuka pamoja, huku kimeo, ambacho wengine hukiita kimio au kilimi, kikibaki katikati. Kaakaa, tofauti na ulimi, huvutwa juu, mfano wa kamba inayovutwa na pande mbili, hivyo kimeo huenda upande wenye nguvu. Neva ya kumi ya kulia ikifa, kimeo kinakwenda kushoto. Tofauti hiyo ya kusukumwa na kuvutwa ukiielewa, hutahitaji kukariri chochote.

Katika mazingira yetu kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo haviligusi. Wagonjwa wengi wamekatwa kimeo utotoni na waganga wa jadi kwa madai kwamba kilikuwa kinaleta kikohozi, desturi ambayo imewaletea watoto kutokwa damu, maambukizi na hata pepopunda. Ukikuta kisiki kidogo kilichopinda, hicho ni kovu, si neva. Achana nacho, utazame mstari wa katikati ya kaakaa na urefu wa matao: tao lililolala wakati mwenzake linapanda ndilo lenye ugonjwa. Katika mtoto mwenye homa, shingo iliyovimba na utando wa kijivu kooni, fikiria dondakoo, ambayo sumu yake hulemaza kaakaa wiki chache baadaye, na maziwa huanza kumtokea puani.

Sasa gusa ukuta wa nyuma wa koo, kulia kisha kushoto, na umuulize kama anahisi sawasawa. Kuhisi ni kwa neva ya tisa. Kubanwa na kichefuchefu kinachofuata ni kwa neva ya kumi. Neva hiyo ya tisa hupeleka tawi kwenye sikio la kati, na ndiyo sababu mwenye mafindofindo hulalamikia sikio ambalo ukilichungulia ni zima kabisa.

Hatua ya 6: Sauti na kikohozi

Mwambie akohoe. Kikohozi kikavu chenye mshindo maana yake nyuzi za sauti zinafunga. Kikohozi kinachotoka kama pumzi ndefu iliyolegea, pamoja na sauti ya kukwaruza, kinaelekeza kwenye tawi la neva ya kumi linalorudi juu kutoka kifuani. Tawi la kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo kabla ya kupanda nyuma ya tezi ya shingo. Aliyefanyiwa upasuaji wa rovu, au aliyekaukiwa na sauti kwa wiki kadhaa bila mafua, apelekwe kwa mtaalamu, na kifua chake kipigwe picha.

Hatua ya 7: Maji

Zamani niliamini kwamba anayekaribia kutapika anapoguswa koo anaweza kumeza salama. Nikamruhusu mzee mmoja anywe uji kwa kigezo hicho, akapaliwa kimyakimya, na siku ya pili alikuwa na homa na kichomi. Baadhi ya watu wenye afya njema hawana mwitikio huo wa koo, na wengine wanao lakini hawamezi salama.

Mpe kijiko kimoja cha maji, takriban mililita 5. Weka vidole viwili kwenye kongomeo na usikilizie likipanda. Kuchelewa ni dalili. Kisha mwambie aseme "aaa". Rudia mara tatu, na mambo yakiwa mema mpe mililita 50 anywe mwenyewe. Simama mara moja akikohoa, akibadilika pumzi, au sauti ikiwa ya majimaji kana kwamba inapita ndani ya kikombe. Kutokohoa pekee hakutoshi, kwa kuwa koo lisilohisi haliwezi kujitetea. Ndiyo maana sauti baada ya kumeza mimi huipa uzito kuliko kikohozi.

Andika matokeo kwa maneno kamili, kwa mfano: "Saa 4 asubuhi. Yuko macho. King'ong'o kipo. Tao la kulia la kaakaa halipandi, kimeo kimevutwa kushoto. Ulimi uko katikati. Kikohozi dhaifu. Sauti ya majimaji baada ya kijiko cha pili. Asipewe chochote kwa mdomo, dawa zikiwamo, kinywa kisafishwe, apimwe tena kesho asubuhi." Kisha mtoke nje wewe na ndugu zake, uwaeleze kwa nini chupa ya uji irudi nyumbani leo.