Kupunguza Matumizi ya Maji Nyumbani: Anza na Mita Kabla ya Kuanza na Mazoea

Katika miaka yangu ya ufundi bomba nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kujibana kila mahali walipoweza, wakapunguza maji ya kuoga, wakaacha bustani ikauke, na bado hesabu ya maji ya mwezi haikushuka. Nilipofungua tangi la choo au kuchimbua mahali penye unyevunyevu, niliyakuta maji ambayo hakuna aliyeyatumia, yakipita usiku na mchana. Ndiyo sababu mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoufuata kazini: kwanza kupima, kisha kuziba, na baada ya hapo ndipo tunapogusa namna watu wa nyumbani wanavyoishi.

Hatua ya kwanza: pima kwa usiku mmoja

Kabla ya kulala, funga mabomba yote na uhakikishe kwamba mashine ya kufulia haifanyi kazi. Andika namba zote za mita, zikiwemo zile nyekundu, kwa sababu namba nyeusi huonyesha yuniti nzima, yaani lita 1,000 kila moja, na upotevu mdogo huonekana kwenye nyekundu peke yake. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajanawa wala kuvuta maji ya choo, soma tena. Namba zikiwa zimesogea, gawanya tofauti hiyo kwa saa zilizopita. Lita 24 zilizopotea katika saa 8 ni lita 3 kwa saa, sawa na lita 72 kwa siku, na kwa siku 30 zinafika lita 2,160.

Kama nyumba inapata maji kutoka kwenye tangi la juu, kipimo hiki kinahitaji nyongeza moja, nayo nimeona hata mafundi wakiisahau. Funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, kisha weka alama penye kimo cha maji. Mita ikisogea, uvujaji uko kati ya mita na tangi, pengine kwenye bomba lililofukiwa ardhini. Kimo cha tangi kikishuka, uvujaji uko ndani ya nyumba. Usiku unaofuata rudia kipimo ukiwa umefunga pia koki ya choo, na upotevu ukikoma utakuwa umempata mhusika bila kuvunja ukuta wowote.

Hatua ya pili: chunguza choo kwa makini

Hapa ningependa msomaji atulie, kwa kuwa choo cha kuvuta huweza kuvuja kwa miezi bila sauti wala tone kuonekana sakafuni. Fungua kifuniko cha tangi, tia matone kadhaa ya rangi ya chakula, kisha uache kwa nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira unaoziba tundu la chini ya tangi umechakaa, au umeshika uchafu na chumvi ya maji. Funga koki ya choo, vuta maji ili tangi libaki tupu, toa mpira huo na usafishe mahali unapokalia. Ukiwa umekakamaa au umepinda, nenda nao dukani upate unaolingana nao kwa ukubwa, kwa sababu ukubwa hutofautiana.

Kisha tazama bomba la wima lililo katikati ya tangi, ambalo hupeleka maji ya ziada kwenye bakuli. Maji yakifika mdomoni mwake, yatakuwa yanamwagika humo bila kikomo. Teremsha boya, lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa, ama kwa kuzungusha skrubu yake ama kwa kuinamisha mkono wake taratibu, mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo huo.

Baada ya kuziba, pima kiasi ambacho choo hutumia kila kinapovutwa. Weka alama ya kimo cha maji, funga koki, vuta, kisha jaza tangi kwa jagi lenye vipimo hadi kwenye alama. Vyoo vya zamani huweza kumeza lita 9 hadi 13 kwa mvuto mmoja, ilhali vya kisasa huishia lita 6 au pungufu, na vyenye vitufe viwili hutoa takriban lita 3 kwa haja ndogo. Kama chako ni cha zamani, jaza maji kwenye chupa ya plastiki ya lita moja, ifunge vizuri, na uisimamishe ndani ya tangi mbali na boya. Kila mvuto utapungua kwa hadi lita hiyo moja. Nasisitiza chupa, si tofali, maana tofali humomonyoka na chembe zake hukaa chini ya mpira na kuleta uvujaji ule ule uliokwisha kuuziba. Bakuli likishindwa kusafika kwa mvuto mmoja, toa chupa, kwani kuvuta mara mbili ni hasara zaidi.

Hatua ya tatu: mabomba yanayodondosha

Weka kikombe chini ya bomba kwa saa moja, pima kilichopatikana, kisha zidisha mara 24. Nusu lita kwa saa ni lita 12 kwa siku. Kwa bomba la kawaida la kuzungusha, funga koki kuu, toa maji yaliyobaki, fungua kichwa cha bomba kwa spana, na ubadilishe washa, yaani kipete cha mpira kilichoko ndani. Tafadhali usikaze bomba kwa nguvu zote ili tone likome, kwa sababu nguvu hiyo ndiyo inayoikata washa. Mabomba yanayofunguka kwa robo mzunguko kwa kawaida hayana washa hiyo. Yana visahani vya kauri, ambavyo hubadilishwa pamoja na kiini chake chote.

Hatua ya nne: bafuni, jikoni na kufua

Fungua bomba la mvua kama unavyooga siku zote, kinga kwa ndoo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Ukipata lita 12 kwa dakika, kuoga kwa dakika 8 kunakula lita 96. Kichwa cha bomba chenye kutoa chini ya lita 9 kwa dakika huleta tofauti kubwa, na kufunga maji wakati wa kujipaka sabuni huleta tofauti bila gharama. Maji baridi yanayotangulia yale ya moto yakingwe kwenye ndoo, kwani ni safi kabisa.

Jikoni, tumia mabeseni mawili, moja la sabuni na jingine la kusuuzia. Mashine ya kufulia isubiri ijae.

Hatua ya tano: tumia tena, na ukinge mvua

Maji ya suuzo la mwisho la nguo yanafaa kwa choo na kwa kudekia. Yamwage moja kwa moja kwenye bakuli la choo badala ya kuyatia tangini, na usiyaweke zaidi ya siku moja, kwa sababu vijidudu huongezeka na harufu hufuata. Maji yaliyofulia nepi yasitumiwe tena kabisa, na mboga zinazoliwa mbichi zisimwagiliwe maji yoyote yenye sabuni.

Kuhusu mvua, hesabu yake ni rahisi na mimi huipenda: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 10 za mvua, linapokea lita 500, ingawa sehemu hupotea kwa kurukia nje na kubaki kwenye mifereji. Acha maji ya dakika za mwanzo yapite, kwa kuwa hubeba vumbi na vinyesi vya ndege, kisha elekeza yanayofuata kwenye tangi lenye kifuniko, na kila tundu lake livishwe wavu mwembamba ili mbu wasipate pa kutagia mayai.