Jinsi ya Kupima Shinikizo la Damu Nyumbani na Kupata Namba za Kuaminika

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha ya kupanda, kwa kawaida halina dalili, na imani kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa au asikie moyo ukienda mbio imewafanya watu wengi waugundue ugonjwa huo siku wanapopatwa na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na tatizo hilo, na kwamba karibu nusu yao hawakujua. Mashine za kidijitali zinazouzwa madukani zimerahisisha upimaji, lakini namba inayotokea kwenye kioo ni ya kuaminika pale tu kipimo kilipofanywa ipasavyo.

Nunua mashine inayofungwa kati ya bega na kiwiko, kwa kuwa zile za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Kabla ya kulipa, pima unene wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, kisha ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Hili hupuuzwa mno, ilhali mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji.

Kwa muda wa nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara na usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, si kigoda wala ukingo wa kitanda, nyayo zikiwa chini na miguu bila kukunjwa nne, utulie kwa dakika 5. Funga mkanda juu ya ngozi tupu, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hivi juu ya kiwiko, na uulaze mkono mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo. Mashine inapofanya kazi usizungumze kabisa, hata kama simu inaita au mtoto anauliza jambo.

Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya kumeza dawa na kifungua kinywa, na tena jioni, kwa siku 7. Andika kila namba, hata ile isiyokupendeza. Mwishoni acha za siku ya kwanza, ambazo mara nyingi huwa juu kwa sababu ya wasiwasi, kisha tafuta wastani wa zilizobaki.

Namba ya juu huonyesha nguvu ya damu moyo unaposukuma, na ya chini huonyesha nguvu hiyo moyo unapopumzika. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, au mojawapo ya namba hizo ikizidi, nenda ukamwone daktari. Kliniki hutumia kiwango cha 140 kwa 90 kwa kuwa watu wengi hupanda presha mbele ya mhudumu. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika chache urudie. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, ulegevu wa upande mmoja, kushindwa kuzungumza vizuri au kutoona vyema, usisubiri kurudia, kimbilia hospitali. Mjamzito mwenye 140 kwa 90 aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni dalili ya kifafa cha mimba.

Usiache dawa kwa sababu namba zimekuwa nzuri, kwani mara nyingi ni dawa hizohizo zilizozishusha. Unapokwenda kwa daktari, chukua daftari lako pamoja na mashine yenyewe ili ilinganishwe na ya kituoni, na umtajie kila dawa unayotumia, zikiwemo za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo zinaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kuishusha.