Jinsi ya kupanga jedwali la magavana wa Alaska na vyama vyao

Orodha ya magavana wa Alaska ni fupi, ila ina mitego ya kutosha. Fungua jedwali la safu sita: jina, siku ya kuapishwa, siku ya kuondoka, chama, aliingiaje, maelezo.

1. Anza na tarehe 3 Januari 1959, siku Alaska ilipokuwa jimbo. Waliotangulia, akina Ernest Gruening (1939 hadi 1953), waliteuliwa na rais wa Marekani. Vyama vyao havisemi lolote kuhusu wapiga kura wa Alaska, kwa hiyo waweke kwenye jedwali lao.

2. Weka mstari mmoja kwa kila kipindi cha kukaa madarakani, si kwa kila mtu. William Egan wa Democratic aliongoza 1959 hadi 1966, akarudi 1970 hadi 1974. Walter Hickel naye ana mistari miwili. Ukifika kwa Mike Dunleavy, aliyeingia 2018, uwe na majina 12 na mistari 14. Ikizidi, angalia kama umemwingiza Hugh Wade; huyo alikaimu tu Egan alipougua mwanzoni mwa 1959.

3. Kagua miaka. Majimbo mengi huapisha gavana Januari, mwaka unaofuata uchaguzi. Alaska huapisha Jumatatu ya kwanza ya Desemba, mwaka uleule. Jay Hammond alimshinda Egan kwa kura 287 Novemba 1974, akaapishwa Desemba 1974. Ukimwandikia 1975, mistari yote inayofuata itayumba.

4. Jaza chama. Hapa usiharakishe. Andika chama alichogombea nacho, si alichokuwa nacho mwishoni. Hickel alishinda 1966 kwa Republican, lakini 1990 alishinda kwa tiketi ya Alaskan Independence, akarudi Republican 1994 kabla hajaondoka. Ukimwandika Republican mwanzo mwisho, umefuta ushindi wa chama kidogo, jambo adimu sana Marekani. Kurudi kwake kunaingia kwenye safu ya maelezo. Bill Walker alikuwa Republican, lakini 2014 aligombea kama mgombea huru, na naibu wake Byron Mallott alikuwa wa Democratic. Andika "huru", basi. Usimpachike chama cha naibu.

5. Tenganisha waliochaguliwa na waliorithi. Keith Miller alirithi Januari 1969 Hickel alipokwenda kuwa waziri katika serikali ya Nixon. Sean Parnell alirithi Julai 2009 Sarah Palin alipojiuzulu, kisha akachaguliwa mwenyewe 2010: mstari ni mmoja, maelezo mawili. Kurithi kiti usikuhesabu kama ushindi wa chama.

6. Hakiki. Siku ya kuondoka ya kila mstari ilingane na siku ya kuapishwa ya mstari unaofuata. Kisha jumlisha mistari kwa chama: Republican 7, Democratic 5, Alaskan Independence 1, huru 1. Republican wakiwa 8, rudi kwa Hickel wa 1990.