Kubadili fyuzi iliyoungua ndani ya swichi ya mtandao: soma herufi kabla ya ampea

Mwongozo huu ni wa swichi na ruta zenye pawa saplai ya ndani, zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Kama ruta yako ndogo inatumia adapta, usiifungue adapta hiyo. Nunua nyingine yenye volti ileile, ampea zisizopungua, na chanya na hasi zikae vilevile. Na kama pawa saplai ya swichi yako huchomolewa nzima kwa nyuma, badilisha nzima kwanza ili mtandao urudi, kisha ile mbovu uifungue mezani bila haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni fyuzi

Jaribu soketi kwa kifaa kingine, na swichi kwa waya mwingine wa umeme. Plagi za pini tatu bapa zina fyuzi yake ndani, na baadhi ya vifaa vina kidroo cha fyuzi karibu na tundu la waya wa umeme. Ikiwa ndiyo iliyoungua, chomoa waya uende moja kwa moja hatua ya 3. Hakuna haja ya kufungua boksi.

Hatua ya 2: Ondoa umeme wote, kisha upime kwamba umeondoka

Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Swichi yenye pawa saplai mbili ina nyaya mbili za umeme, chomoa zote. Chomoa na nyaya za mtandao, maana zipo swichi zinazopokea umeme kupitia waya huohuo wa data, volti 44 hadi 57.

Baada ya kufungua, kinachobaki na hatari ni ile kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya pawa saplai. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC (umeme usiobadili mwelekeo) hufika volti 325 hivi, na kwenye pawa saplai nyingine hukaribia 400. Pawa saplai iliyokufa inaweza kushikilia chaji muda mrefu kwa sababu hakuna kinachoitumia. Weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye DC, kipimo cha volti 600 au zaidi, upime kwenye miguu ya kapasita. Ukikuta chaji, itoe kwa rezista ya omu 10,000, wati 5 au zaidi, iliyovishwa plastiki isiyopitisha umeme, mpaka mita ioneshe chini ya volti 10. Kugusanisha miguu yake kwa bisibisi, kama mafundi wengi wanavyofanya, nakataa kabisa: cheche yake huunguza njia za shaba kwenye bodi na inaweza kukurukia usoni.

Hatua ya 3: Soma maandishi ya fyuzi, yote

Msimamizi wa mtandao niliyemsaidia majuzi alikuwa na swichi iliyounguza fyuzi kila ilipowashwa. Alikuwa ameshabandua transista na kupima diodi moja moja usiku kucha, akitafuta shoti. Shoti haikuwepo. Fyuzi ya awali iliandikwa T3.15AH250V, na aliyoweka yeye F3.15AL250V. Ampea zilezile, volti zilezile, fyuzi tofauti kabisa.

T ni ya polepole, F ni ya haraka. Unapowasha pawa saplai, kapasita iliyokuwa tupu hujazwa ghafla, na kwa kitambo kidogo mkondo hupanda mara nyingi kuliko wa kawaida. Mkondo ukifika mara 10 ya kiwango cha fyuzi, F sharti ikatike ndani ya milisekunde 20, ilhali T inaweza kuvumilia hadi 300. Kwa hiyo F hukatika wakati kifaa ni kizima, nawe unaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Herufi ya mwisho kabla ya volti nayo ni ya usalama wako. L, mara nyingi ya kioo, inahakikishiwa kukata mkondo wa shoti wa ampea 35 au mara 10 ya kiwango chake, kutegemea ipi ni kubwa. H, mara nyingi ya kauri, hukata ampea 1500. Ukiweka L mahali pa H, shoti kubwa ikitokea kioo kinaweza kupasuka na umeme ukaendelea kupita. H mahali pa L haina tatizo ikiwa mengine yote yanalingana. Volti za fyuzi zinaweza kuzidi, zisipungue. Ampea zisizidi hata kidogo, na waya wa shaba au karatasi ya foili visikaribie hapo.

Kwa vifaa vya volti 48 DC tafuta fyuzi iliyoandikwa volti za DC. Mkondo wa DC haupiti sifuri, hivyo cheche yake ni ngumu kuzimika.

Hatua ya 4: Tafuta kilichoiunguza

Itoe fyuzi uipime kwa mita. Ya kauri huwezi kuiona ndani. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha, ilikuwa shoti. Uzi ukiwa umekatika tu na kioo ni safi, huenda imezeeka au ilizidiwa kidogo. Kwenye shoti anza na varista (duara bapa karibu na mahali umeme unapoingia, hupasuka baada ya radi), kisha diodi za kugeuza umeme, kisha transista kubwa. Chochote kinachosoma karibu na omu sifuri pande zote mbili, kitoe ukipime nje ya bodi.

Hatua ya 5: Weka fyuzi mpya

Ibonyeze kwenye kishikio. Iliyolehemiwa, lehemu upesi isipate joto la kupita kiasi.

Hatua ya 6: Washa kupitia balbu

Balbu ya uzi ya wati 60 hadi 100, iungwe mfululizo na waya wa moto (ule unaoleta umeme). Ya LED haifai. Bodi kuu iwe imechomolewa, mikono iwe mbali. Balbu ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo: rudi hatua ya 4, ukianza tena na kutoa chaji. Ikipepesa, jaribu ya wati kubwa zaidi kabla ya kuihukumu pawa saplai.

Ondoa balbu, pima volti zinazotoka, zima, toa chaji, rudisha bodi, funga boksi. Bandika ndani ya mfuniko karatasi yenye maandishi kamili ya fyuzi na tarehe. Ikiungua tena baada ya hapo, usiweke nyingine. Badilisha pawa saplai nzima.