Video ya "Sanduku la Agano limepatikana" ikikufikia, ipime hivi kabla hujaisambaza

Wapendwa, hizi klipu hazikosi kwenye magrupu, mara sanduku la agano limefukuliwa, mara damu ya Yesu imepimwa maabara, mara ng'ombe wekundu wameshafika Israeli, halafu chini unakuta "mwisho umefika, mtumie kila umpendaye". Mimi naamini Yesu anarudi, naamini kabisa, na ndo maana inaniuma kuona jambo zito hivi linageuzwa chambo. Kwahiyo nawaandikia namna ya kuipima klipu kama hiyo, utumie simu yako na Biblia yako tu.

Anza na Biblia, komenti baadae. Kutoka 25 inatoa vipimo vya sanduku, dhiraa mbili na nusu urefu, moja na nusu upana na kimo vilevile, yaani kama mita 1.1 kwa sentimita 70 hivi, kwahiyo ukioneshwa kitu kikubwa kama kontena jua mapema. Ndani 1 Wafalme 8:9 inasema mlikuwa na zile mbao mbili za mawe tu, za Amri Kumi, Waebrania 9:4 inataja pia mana na fimbo ya Haruni. Sasa soma 2 Wafalme 25, Wababeli wanachoma hekalu, kwenye 586 KK hivi, na mwandishi anaorodhesha walichobeba mpaka masufuria na vijiko, ila sanduku hulioni popote kwenye orodha. Hilo pengo ndo limezaa hadithi zote unazozisikia. 2 Makabayo 2, ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanacho kwenye Biblia yao, inasema Yeremia alilificha pangoni na mahali pale patabaki pasijulikane mpaka Mungu atakapowakusanya watu wake, na hapo unaona kwanini watu wanaunganisha sanduku na siku za mwisho. Lakini Yeremia 3:16 inasema utafika wakati watu hawatalikumbuka tena hilo sanduku, na Ufunuo 11:19 inapolionesha inalionesha kwenye hekalu la mbinguni, sio kwenye shimo la wachimbaji. Mimi sijaona mstari hata mmoja unaosema lazima lifukuliwe ndo Yesu arudi. Mtu akikwambia upo, muombe akuoneshe mlango na mstari, usikubali "imeandikwa" tupu.

Halafu uliza: nani kasema, na lini? Klipu nyingi za Kiswahili zinazosema sanduku liko chini ya Golgotha ukizifuatilia zinaishia kwa mtu mmoja, Ron Wyatt, Mmarekani aliyesema aliliona mwaka 1982 chini ya ardhi karibu na Kaburi la Bustani, Yerusalemu, ambapo baadhi ya Wakristo wanasema ndipo alipozikwa Yesu, na baadae akasema damu iliyokutwa pale ni ya Yesu, ilipimwa ikakutwa na kromosomu 24 badala ya 46 za mtu wa kawaida. Alifariki 1999. Mpaka leo hakuna ripoti ya maabara iliyowekwa wazi, hakuna picha inayoeleweka, na wanaolitunza lile kaburi walikana kwamba kuna kitu kilipatikana. Alikuwa Msabato, na wasomi wa Kisabato wenyewe hawakumkubalia. Sasa mtu anachukua hadithi ya 1982 anaandika "JANA" kwa herufi kubwa na watu wanalia kwenye grupu! Kwahiyo chukua skrinishoti ya picha uiweke Google Lens, mara nyingi utaona ilishazunguka miaka mingi, na siku hizi sanduku la dhahabu pangoni linatengenezwa na AI kwa dakika chache.

Ethiopia tuiongelee kwa heshima kidogo, sio ya kuiweka fungu moja na hizo klipu. Waorthodoksi wa kule wanaamini sanduku liko Aksum, kanisa la Maryamu wa Sayuni, lililetwa na Menelik mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba, analilinda mtawa mmoja na wengine hawaruhusiwi kuliona. Kila kanisa lao lina tabot, mfano wa zile mbao, na siku ya Timkat, sikukuu yao ya ubatizo wa Yesu, mwezi wa kwanza makuhani wanazibeba kichwani zimefunikwa. Hiyo ni imani ya karne nyingi. Ila kwasababu hakuna anayeingia kuona, ukikuta video inasema "tumelipiga picha ndani Aksum", hiyo weka pembeni.

Kuna klipu ngumu zaidi, zile zenye ukweli ndani yake. Ng'ombe wekundu watano kweli walitoka Texas wakafika Israeli Septemba 2022, sio uongo. Hesabu 19 inaongelea majivu ya ng'ombe mwekundu ya kumtakasa aliyegusa maiti, na wapo Wayahudi wanaosema bila hayo huduma ya hekaluni haiwezi kurudi. Mpaka hapo sawa. Kinachofuata, kwamba hekalu litajengwa na mpingakristo ataketi humo, hiyo ni tafsiri ya 2 Wathesalonike 2:4, kuna Wakristo wanaoishika hivyo na kuna wengine wanaosema hekalu pale ni kanisa. Tenga tukio na tafsiri, andika hata kwenye karatasi, utashangaa tukio linabaki sentensi moja.

Wakiweka tarehe usihangaike nayo, Mathayo 24:36 inatosha. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walisubiri Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844, Harold Camping, mhubiri wa redio wa hukohuko, akasema 21 Mei 2011, zote zikapita.

Na pesa. Wakikuuzia mafuta, maji ya Yordani, au kipande cha msalaba "cha kukukinga na dhiki kuu", kataa. Leso za Paulo kwenye Matendo 19 hazikuuzwa, sheria ya Kanisa Katoliki inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, na yule nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa mwenyewe Hezekia alimvunja watu walipoanza kumfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4).

Kama aliyetuma ni mama au shangazi usimjibu mbele ya grupu zima, mpigie, msome pamoja Yeremia 3, mara nyingi anachotaka ni mtu wa kuongea nae kuhusu hofu aliyonayo.

Lakini kama mhubiri ameshaanza kuwaambia watu waache kula, waache hospitali, watoe watoto shule au wauze shamba kwasababu mwisho umekaribia, hapo usibaki kwenye mjadala wa maandiko. Kanungu, Uganda, Machi 2000 mamia ya watu wa kundi lililohubiri mwisho wa dunia waliteketea ndani ya kanisa. Shakahola, Kenya, 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge ili wakutane na Yesu, na watoto wamo. Nenda polisi, mwambie chifu au mwenyekiti wa mtaa, siku hiyohiyo, na watoto ndo uwatoe kwanza.